Mama, Unapita Langoni Kwangu na Baiskeli

Mama yangu mpendwa, mwenye baiskeli,

Natumaini goti lako limepona. Barua hii nimeipeleka kwa mkono wa Mama Njeri mwenye duka, na sikuifunga kwa gundi, kwa sababu najua macho yako yamekataa maandishi ya karibu na ni yeye atakayekusomea. Basi na asome. Asome polepole, tena asiruke mahali jina lake limetajwa, maana limetajwa mara nyingi na si kwa wema kila mara.

Niseme neno langu mapema, kabla chai yenu haijapoa. Nakuonea wivu. Sijui kama binti anaruhusiwa kumwonea mama yake wivu, na hata kasisi sijathubutu kumuuliza, lakini ndivyo ilivyo. Nimekuwa nao nikichuma majani ya chai, nikikama, nikipepeta mahindi, na umenichosha. Namwonea wivu Mama Njeri kwa sababu anashinda na wewe. Lakini wewe ndiye ninayekuonea zaidi, kwa hiyo furaha unayopita nayo mbele ya lango langu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuchuma majani? Nilikuwa mfupi kuliko mche wenyewe. Ulisimama nyuma yangu ukanishika mikono, ukasema, "Majani mawili na kichipukizi. Usivute, vunja." Vidole vyako vilinuka majani mabichi na moshi, nami nilikuwa nachelewesha kuelewa makusudi ili usiniachilie. Siku moja kule kituo cha kupimia majani, karani alikataa kikapu chetu kwa sababu ya majani magumu niliyochanganya, ukasema ni wewe uliyeyachuma. Tulirudi nyumbani, ukanipa maziwa ya mursik kwa kile kibuyu kidogo cha wageni. Nilikuwa na wewe peke yangu siku hizo, na nilidhani itakuwa hivyo siku zote.

Na unakumbuka pia baiskeli ya baba, ile nyeusi, ilivyokuwa inaegemezwa kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuomba unishikie niijaribu, ukaniambia niende nikateke maji. Nikakuomba tena siku nyingine, ukanitazama tu. Basi nikaichukua mwenyewe, nikapitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati kama walivyokuwa wakifanya wavulana, nikafika karibu na mti wa mparachichi kabla hujanishusha kwa sikio mbele ya wanawake waliokuwa wakitoka mtoni.

"Msichana wa watu hapanui miguu barabarani," ulisema.

Nikauliza mbona Kipkoech, ambaye ni mdogo wangu, anafundishwa na baba kila jioni.

"Yeye ataendesha. Wewe utabebwa."

Nimebebwa mara moja tu, Mama. Ni ile siku uchungu wa Chebet uliponishika na mvua ilikuwa inanyesha. Baba Chebet alinikalisha kwenye karia, nikashikilia koti lake hadi hospitali ya Kaplong, na kila shimo la barabara lilinitoa roho. Raha uliyoniahidi ni hiyo. Siku nyingine zote karia hubeba mikebe ya maziwa, nami hutembea nyuma yake na mtoto mgongoni.

Sasa nifikirie basi, siku niliyosikia habari zako. Nilikuwa kwa mashine ya unga, kwenye foleni, na mwanamke mmoja wa upande wenu akaniambia, "Mama yako siku hizi anaendesha baiskeli mpaka kitambaa kinamtoka kichwani." Nikamwambia amefananisha, mama yangu ni mjane wa heshima. Akacheka mpaka akaegemea gunia. Watu wote wa foleni walijua, Mama, isipokuwa mimi. Nilirudi nyumbani na unga nusu kwa sababu nilisahau debe lingine palepale.

Habari kamili nilipewa na Kipkoech alipokuja kututembelea. Sikukasirika kuhusu mwanzo wake, hilo nalisema wazi ili Mama Njeri asinune. Ule mwaka wa wasiwasi, tangu maneno ya vyama vingi yaingie, yeye aliye wa kabila lingine aliposhauriwa afunge duka aende kwao kwa muda, mizigo yake ya sukari na mafuta ya taa ililala chini ya kitanda chako. Majirani walikununia nawe hukuitoa. Aliporudi alikukuta na kila kitu kiko mahali pake, akakuuliza anaweza kukupa nini. Wengine wangeomba leso au kilo za sukari. Wewe ukanyoosha kidole kwa baiskeli yake, ile aliyokuwa akiletea bidhaa kutoka Sotik, ukasema, "Nifundishe hii kitu." Ulikuwa karibu kutimiza miaka hamsini.

Nimefikiria sana hapo. Mtu hawi tu na hamu ya namna hiyo ghafla asubuhi moja. Ina maana uliitamani hata wakati ule ulipokuwa ukinivuta sikio. Tulikuwa wawili tunaotamani kitu kimoja katika boma moja, na hukuniambia. Ukaenda kumwambia mwenye duka.

Eti mlikuwa mnafunzia kwenye uwanja wa shule baada ya ibada, watoto wakiwashangilia. Eti ulivaa suruali ya marehemu baba ndani ya rinda. Suruali ile ni mimi niliyekuwa naipiga pasi alipokuwa hai. Eti uliangukia goli, ukainuka ukataka tena. Haya yote nasimuliwa kama mgeni, nami nayasikiliza huku natabasamu, na moyoni nimejaa nyongo.

Halafu mkaanza kuja huku. Alhamisi lori la majani haliji kwenu, basi akina mama wa upande huo huwa na mchana mzima, na wewe na Mama Njeri mkaona barabara nzuri ya kuendeshea ni hii ya Ndanai, ambayo inapita langoni kwangu. Siku ya kwanza nilikuwa nachuma mistari ya karibu na barabara. Nilisikia kicheko kabla sijaona mtu. Sikukijua. Nikajiambia hawa ni wasichana wa sekondari wanatoka shule. Kumbe ni wewe, unashuka mteremko umetoa miguu kwenye pedali umeinyoosha mbele, na Mama Njeri nyuma yako anapiga kelele, "Breki, Mama Kipkoech, breki!" Ukaniona. Ukasema, "Mko salama?" na kabla sijajibu ulikuwa umefika darajani.

Mama, mimi ni binti yako wa kwanza na sijawahi kukusikia ukicheka hivyo. Si kwa harusi yangu, si Chebet alipozaliwa. Nilibaki na majani mkononi mpaka yakanyauka, na jioni Baba Chebet akaniuliza ni nani aliyenitukana.

Basi ikawa kila Alhamisi. Kengele, "Mko salama?", vumbi. Wajukuu wako wakajifunza kukimbilia langoni kupungia mkono mgongo wa kogo wao. Baadaye mkawa wanne. Nikaambiwa wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha mke wa katekista, ukamfundisha na yule mama wa kuuza mboga, ambaye ana miguu mibaya na hawezi hata kupanda ngazi za kanisa. Nilipowaona mmefuatana nilihesabu wanawake uliowashika mkono, nikaingia jikoni nikapika bila chumvi.

Nilikuwa nangoja usimame. Ningekuambia nini sijui, lakini nilingoja. Nilikuwa nafagia hapo langoni kila Alhamisi mchana, na si kwamba palikuwa na uchafu.

Halafu ndiyo hii siku ya juzi. Baba Chebet alikuwa anapanda na mikebe yake mitupu kutoka dukani, wewe unashuka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso njiani, kwamba lazima mmoja aiache njia. Yeye akaiacha upande wa kushoto na baiskeli yake, kwa heshima. Wewe nawe kwa heshima hiyohiyo ukaiacha upande uleule. Niliyaona yote nikiwa kwenye majani. Uliingia katika majani yangu ya napia ya ng'ombe na baiskeli ikakufuata. Na yule mwanamume, ambaye ana nguvu za kuinua ng'ombe mgonjwa, alisimama amekupa mgongo, akawa anaiambia barabara, "Pole mama. Pole sana mama." Hangeweza kukugusa. Hangeweza hata kugeuka.

Nilikimbia na mtoto mgongoni. Lakini Mama Njeri alitangulia, yeye hana mkwe hapa na hana wa kumkimbia. Alipokutoa kwenye majani ulikuwa unacheka, damu inachuruzika gotini. Nikakwambia, "Ingia ndani nikuoshe." Unakumbuka ulivyonijibu?

"Sijaitwa."

Ukaketi juu ya jiwe nje ya lango langu. Maji yalikuwa yangu, jagi ni langu, kitambaa nilikichana kutoka kwa rinda langu, lakini mkono uliokuosha ulikuwa wa Mama Njeri, kwa sababu alikichukua hicho kitambaa kana kwamba ni kazi yake ya kila siku, nawe ukamnyooshea mguu bila kufikiria. Mimi nilishika jagi. Nilitamani kummwagia hayo maji yote kichwani, na ninajua ananisoma sasa hivi, naye ajue.

Ndipo nikajaribu kuwa mtu mzuri. Nikasema mbele yao, watu wanasema kogo amejifunza baiskeli ili awe anawaona wajukuu. Nilitaka useme ndiyo. Ningeridhika na hiyo ndiyo hata kama ni ya uongo. Lakini wewe ulinitazama vile unavyotazama kikapu chenye majani magumu.

"Wajukuu ni wazuri," ulisema. "Lakini hii mteremko ni yangu."

Ukapanda ukaenda, na goti limefungwa kitambaa cha rinda langu.

Lile neno lako, kwamba hujaitwa, lilinikaa rohoni kuliko yote. Nilidhani ni kisingizio. Nikamweleza Baba Chebet, nikitaka anikubalie kwamba unanikwepa. Akaniuliza, "Kwani hukumwita?" Nikamwambia wito wa mama mkwe kuingia nyumba ya mkwe wake ni neno la wanaume, hutoka kwa baba yake. Akashika kichwa. Yeye kwa miaka hii yote alidhani ni jambo ambalo wanawake hupatana wenyewe, na kwamba mimi na wewe tuna ugomvi wetu wa siri, akaona heri anyamaze. Alipomuuliza baba yake, mzee akasema alikuwa akingoja sisi wenye boma tumwambie tuko tayari. Kumbe tangu niolewe hakuna mtu aliyekuzuia na hakuna aliyekuita. Wewe ulikuwa unapita na kengele yako, ukifuata heshima barabara, nami nilikuwa nafagia lango.

Sisemi kwamba nimekusamehe Alhamisi zote hizo. Ungeweza kupunguza mwendo.

Lakini sasa unaitwa. Baba mkwe amesema neno lake, na Kipkoech ataletewa habari rasmi Jumapili kanisani ili isionekane nimeitunga. Alhamisi hii uje. Baba Chebet atashinda kwa ndugu yake mpaka uondoke, na amesema kabla ya kwenda atakusalimu kutoka upande wa pili wa ukuta. Mursik iko tayari, kibuyu nilikipaka mkaa mwenyewe kama ulivyonionyesha. Kiti chako kitakuwa ndani, mbali na mlango. Mama Njeri na aje pia, mimi si mchoyo wa chai. Lakini yeye akae kitini atulie na watoto.

Kwa sababu tukishakula, nataka tutoke mimi na wewe, na hiyo baiskeli. Nimeomba suruali kwa Baba Chebet na ameona haya, lakini amenipa. Usiniambie nina watoto wadogo, najua nina watoto. Usiniambie nitaiendesha siku moja nikishapumzika, wakati nywele zimeingia mvi. Sitaki kungoja mpaka nifike umri wako ndipo nicheke hivyo, tena nikicheka na mtu mwingine, na Chebet wangu amesimama kwenye majani ananitazama nikipita.

Umemfundisha mke wa katekista. Umemfundisha mama wa mboga na miguu yake. Mama, mimi ndiye niliyeomba kwanza.

Salimia nyumbani, na ubaki na afya mpaka tuonane ndani ya nyumba yangu.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Mama Chebet