Mashuka Yaliyovuka Daraja la Tornio

Haparanda, Jumatatu

Mdogo wangu Sakari,

Amani ya Mungu iwe nyumbani kwenu, kwako na kwa Anneli na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulipokuja kwetu ulikaa kitini kama mtu aliyemeza ubao, nikakupa yale mafuta ya kuchulia. Yakikwisha niambie, Helmer wangu atakuvushia mengine. Mimi mwili ni mzima. Magoti yananiuma kwa kusimama kwenye theluji, lakini nakula na nalala. Mama hajambo. Jana nilimkuta dirishani pale makao ya wazee, anawasema watu wanaokimbiza pikipiki za theluji mtoni siku ya Bwana, kwamba enzi zake hata farasi alipumzishwa. Akaniuliza Sakari yuko wapi, mbona haji. Nikamjibu yuko kazini. Nilisema kweli, na kweli hiyo ilinichoma.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Unanijua, shule niliiacha mapema na kalamu hunitoroka vidoleni, basi nivumilie nikirukaruka. Ila usiitupe barua hii kabla hujaimaliza. Nina hasira, Sakari. Niliomba iniondoke, nikapiga magoti na magoti yenyewe mabovu, haikuondoka. Siku hizi nimeacha kuomba iondoke.

Habari za mgomo wetu umezisikia redioni, najua. Lakini redio haikumshika Letebrhan mkono, mimi nilimshika. Letebrhan ni yule mama wa Eritrea anayesimama ubavuni kwangu hapo kiwanda cha kufulia, tunalisha pamoja mashuka kwenye mashine ya kupigia pasi, yenye roli za moto. Ulimwona kwangu wakati wa Krismasi, ndiye aliyekucheka kwa kutia jibini kwenye kahawa, halafu akaomba aonje, halafu akamaliza bakuli zima. Mashine ile ina ubao wa usalama, ukiguswa tu kila kitu kinasimama. Msimamizi alikuwa ameufunga kwa waya, eti unasimamisha kazi ovyo. Shuka likamshika Letebrhan kiganja, roli zikamvuta mpaka kwenye kiwiko. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata nilipokuwa najifungua. Ngozi ilibaki kwenye mashine, mdogo wangu. Tuliikwangua siku iliyofuata, kwa sababu hoteli zilikuwa zinasubiri mashuka.

Meneja alishuka kutoka ofisini na kikombe mkononi. Akatueleza kwamba yule ni kibarua wa kuitwa kwa simu, akiitwa analipwa, asipoitwa halipwi, na mtu aliyeungua haitwi. Nikamuuliza kama angesema hivyo mkono ungekuwa wa binti yake. Akanijibu kwamba binti yake alimaliza shule. Alisema hivyo mbele yetu sote, kisha akapuliza kahawa yake ipoe.

Basi tukataka kitu kimoja, mkataba wa pamoja kama walio nao wafuaji wengine nchi nzima, ili kibarua na asiye kibarua, Letebrhan na mimi, tuwe chini ya karatasi moja. Chama cha wafanyakazi kikamwandikia meneja, kikamwita, kikamwandikia tena. Alisema anayetamani mkataba avuke mto akautafute Finland. Tukatoka nje, tukawasha moto kwenye pipa langoni, na tuko hapo tangu wiki ile ya baridi kali.

Usidhani kwamba hatukuwafikiria wagonjwa na wazee. Mashuka ya makao ya wazee tuliyatoa katika mgomo wenyewe, kwa kura, na kila Jumanne wachache wetu tunaingia kuyafua kisha tunarudi langoni. Mama analalia shuka nililolifua mimi. Unajua meneja alifanya nini? Aliyachanganya na mashuka ya hoteli, magunia chungu nzima, akitumaini tutafua bila kutazama. Mtu anajificha nyuma ya kitanda cha mama yetu ili hoteli yake isikose shuka. Tuliyatenga moja moja, tukayarudisha ya hoteli mlangoni pa ofisi yake, na mimi niliyaweka yale machafu zaidi juu. Mungu anisamehe hilo, ingawa silijutii sana.

Hata nyumba ya sala imenipa maneno. Ndugu mmoja wa viti vya mbele alimkamata Helmer baada ya ibada, akamwambia haipendezi mke wa muumini kusimama chini ya bendera nyekundu, bega kwa bega na watu wa imani nyingine. Unamjua Helmer, akisema maneno matano kwa siku amehutubia. Alimjibu kwamba mkewe Raakel amesimama na watu haohao kwenye mvuke miaka yote, na hakuna aliyekuja huko kuwaonya. Kisha akavaa kofia.

Na sasa nikueleze lililonishangaza. Madereva wa upande wetu waligoma kuyagusa magunia ya kiwanda. Mafundi umeme hawakuja kutengeneza bwela moja la mvuke lililoharibika. Watu wa takataka waliyapita mapipa yake kama hayapo. Watu hawa hawatujui kwa sura, Sakari. Mmoja alinipigia simu kutoka kusini kabisa, lafudhi yake ngumu nusu nisimwelewe, akaniuliza tu kama tuna kuni za kutosha. Nilikuwa nadhani umoja wa wafanyakazi ni maneno ya mabango ya Mei Mosi. Kumbe ni mtu usiyemjua anayekuuliza habari za kuni.

Meneja alipobanwa akatazama ng'ambo. Mashuka machafu ya hoteli zake yakaanza kuvuka daraja kila Alhamisi alfajiri, kabla hatujafika langoni, kufuliwa kwenu Finland. Na kweli yangepokewa huko bila maswali tungekuwa tumekwisha, maana hoteli ikipata mashuka haijali nani yuko langoni.

Ijumaa wiki iliyopita basi dogo lilisimama langoni petu, wakashuka wanawake wa kiwanda cha kufulia cha Kemi na sufuria la supu ya samaki. Anayewaongoza anaitwa Marjut, mama mfupi mwenye sauti ya kupenya ukuta. Akatutania kwamba kwa kuwa saa ya Finland imetangulia ya Sweden, basi wao wamekasirika kabla yetu. Tukacheka, tukala, wakatueleza yaliyowapata.

Magunia yaliwafikia yamekatwa lebo, wakaambiwa ni ya hoteli ya Oulu. Lakini kwenye pindo za mashuka kulikuwa na uzi mwekundu, na kila kiwanda kina uzi wake. Marjut akazima mkanda unaopeleka nguo kwenye mashine. Bosi wao alipouliza kuna nini, akaambiwa kwamba huu si uchafu wetu, una wenyewe na wako nje kwenye baridi. Aliwatisha kwa mshahara, wakakaa juu ya magunia. Akawatisha kwa barua za onyo, wakatoa vitambaa wakaanza kufuma. Mwisho akawabeza, kwamba wanawake wa Haparanda hawatawashukuru, hata majina yao hawayajui. Mmoja wao akamjibu kwamba basi watakwenda kuwatajia. Ndiyo maana walikodi basi. Walikatwa mshahara kwa ajili yetu, na wengine wana watoto wadogo, na walikuja wametuletea supu. Wakajitambulisha mmoja mmoja, kila mmoja akisema jina lake kwa nguvu kama yuko kortini. Letebrhan aliyarudia yote mpaka akayashika. Alilia akiyarudia.

Halafu Marjut akasimulia habari za dereva.

Alisema ni bwana mkubwa wa mwili, mwenye adabu, anashuka garini taratibu kama mgongo unamsumbua. Marjut ni muumini kama sisi, nywele kazifunga kisogoni, hana hereni wala rangi mdomoni. Dereva alipomwona tu pale penye mlango wa kupakulia, akamsalimu kwa amani ya Mungu. Ilimtoka yenyewe. Marjut akaitika, maana mtu haachi kuitika, na baada ya kuitika akauliza kama sote tunavyouliza, wewe ni mtoto wa nani na wa wapi. Na dereva, ambaye lebo zake zilikuwa zimekatwa na karatasi zake zilisema Oulu, akajibu kweli tupu kwamba yeye ni wa akina Vinsa, wa kijiji cha Karunki.

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mvunja mgomo amekuja na salamu ya mbinguni na jina la baba yake. Marjut hakujua kwamba akina Vinsa ndio sisi, maana mimi natumia jina la Helmer. Nilikuwa na kijiko cha supu mdomoni, Sakari, nikakirudisha bakulini.

Najua utakalosema. Kwamba wewe ni dereva tu, hufungui magunia. Kwamba kazi ni haba na usipobeba wewe atabeba mwingine. Wale wa Kemi nao ni wafuaji tu. Yule wa takataka ni wa takataka tu. Kila mmoja wao angeweza kusema hivyo, na mkono wa Letebrhan ungekuwa umekwenda bure. Hawana damu yetu hata tone, wamenyoosha mkono kuvuka mto. Wewe niliyekuwa nakufunga kamba za viatu umevuka mto huohuo kuninyonga. Na Kemi walipokurudishia magunia hukurudi nyumbani, uliendelea mpaka Oulu ukatafuta mahali ambapo hakuna aliyetazama pindo. Marjut alipiga simu huko, wakamwambia gari lako la buluu lilikuja. Ulikuwa na barabara nzima ya kufikiri, na ukaendelea.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Jumapili ile kabla basi la Kemi halijaja, ulinifuata ukumbini pa nyumba ya sala hapo kwenu, watu wamejaa wanavaa makoti. Ulinishika shingoni ukilia, ukaomba usamehewe. Sikukuuliza unasamehewa nini. Kwetu hatuulizi. Nilidhani ni lile neno ulilonitupia juu ya nyumba ya mama. Nikaweka mikono mabegani mwako, nikakutamkia kwamba uamini dhambi zako zimesamehewa kwa jina na kwa damu ya Yesu, nikakubusu shavuni, na nilirudi kwangu nimefurahi mpaka Helmer akauliza kuna nini. Na wewe ulikuwa tayari umeshawapelekea Kemi yale magunia. Alhamisi ya baada ya hapo ukaenda tena Oulu. Ulikuja kwangu kuosha mikono ili uendelee kuichafua, ukanitumia mimi kama beseni.

Nimewaza usiku na mchana kama naweza kuurudisha msamaha ule. Siwezi. Haukuwa mali yangu, nilikupa cha Mwenyewe, na alichokupa ni chako. Lakini hakukupa ruhusa ya Alhamisi nyingine. Hilo nalijua mimi nisiyesoma, na wewe ulijue.

Na kuna jambo nililolifanya ambalo yafaa ulisikie kutoka kwangu. Nimewaambia. Jumamosi asubuhi, langoni, nilisimama kwenye moto nikasema mbele ya wote kwamba dereva wa gari la buluu ni Sakari Vinsa, mdogo wangu wa tumbo moja. Nimewapa na mahali unapoliegesha gari. Mmoja aliangalia buti zake. Letebrhan ndiye aliyeanza, akanitazama akasema, kumbe na ninyi mnao wa namna hii. Nikasema tunao. Akasema yeye alidhani ni kwao tu. Akacheka kidogo, akanimiminia kahawa kwa mkono ule mzima, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya roli nikalia mbele za watu.

Chama kimetukataza kuzuia magari. Tunaruhusiwa kusimama pembeni na kuonyesha mabango, nami mpaka leo nimekuwa mtiifu, hata theluji iliyokanyagwa na tairi sijaikanyaga. Lakini Alhamisi hii, ukija alfajiri kupakia, hutanikuta pembeni. Nitakuwa katikati ya lango, peke yangu, bila bango, nimevaa koti jeusi la kanisani ili usije ukasema hukuniona. Sitasogea. Helmer anajua, ameniambia nivae soksi mbili.

Mpe Anneli salamu zangu, hana kosa katika haya. Wabusu watoto, na mwambie Lempi kitambaa chake cha kichwa kimekaribia kwisha kufumwa. Mama anakusalimu, hajui lolote, na mimi sitamwambia.

Nijibu upesi, Sakari, barua ifike kabla ya Alhamisi.

Dada yako,
Raakel