Konokono Mwenye Helmeti

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Unamjua kaka na magemu yake ya zamani. Juzi kapata kijitabu cha maelekezo cha gemu ambalo hakuna anayelikumbuka. Ndani kuna konokono kavaa helmeti, anakuonyesha vitufe vya kubonyeza. Kwenye gemu lenyewe hayumo, yumo kitabuni tu.

Kaka akaweka picha mtandaoni, akauliza nani alimchora, akaacha na namba yake.

Leo tunakula na mama, simu ikaita, kaka akaweka spika. Sauti ya mzee, taratibu kabisa: “Konokono huyo nilimchorea dada yangu alipokuwa mdogo. Yeye bado yupo hai?”

Mama akaacha kutafuna. Akaikata ile simu. “Ni mjomba wenu.”

Shoga, mjomba yupi? Mama ana kaka mmoja tu, na sisi tumekua tukipalilia kaburi lake.

Kaka akamuuliza, “Mama, mjomba si alikufa?”

“Tulizika jeneza tupu. Baba yangu alitaka asitafutwe, na asirudi.” Akainuka akatia komeo mlangoni, mchana kweupe.

Simu inaita tena sasa hivi. Kaka anauliza amjibu nini.

Mama anasema, “Mwambie nilikufa.”