Vidonge vya Luqmani havigawiwi

Shikamoo Mama. Simu yako umeiacha kwenye chaji, ndiyo maana naandika. Nampeleka Luqmani zahanati, bajaji ipo mlangoni. Ulipotoka na hasira kwenda sokoni, pumu ilimbana, mbavu zikawa zinaingia ndani. Nimempulizia dawa, amepata nafuu kidogo, ila kifua bado kinapiga miluzi. Naogopa.

Maharage yapo jikoni, yaongezee maji. Ubani usichome, hata kama ni Ijumaa; moshi utambana tena.

Mpigie mama mdogo kule Mgeta. Vile vidonge ulivyompelekea kwa lori la kabichi asivimeze, kikohozi chake kikapimwe kwanza. Ulisema Luqmani mzima, havihitaji. Mama, alikuwa mzima kwa sababu ya vidonge hivyo! Mwili wake hutoa lukotrini, kemikali zinazovimbisha na kubana njia za hewa. Kidonge cha kila jioni huzizuia mapema. Dawa ya kupuliza hufungua kifua kilichokwisha kubana. Safari hii ukarimu wako umegawa pumzi ya mwanao.

~~Samahani nilikupigia kelele mbele ya jirani, Mama Pili.~~

Hapana, nimefuta. Chai yako nimeifunika.

Bintiyo,
Hafidha

Na msamaha siombi.