Naserian, Mtoto Niliyemnyonyesha

Olmotonyi, upande wa Meru

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Namwomba mdogo wangu Stefano akusomee barua hii polepole, na akiona umenyamaza asiendelee mpaka wewe mwenyewe umwambie. Nawaulizia hali nyote hapo Machame. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Baba bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili wangu ni mzima, na mume wangu Filipo ni mzima, anaendelea na shule yake.

Katika salamu ulizotuma kwa wapagazi wa misheni uliniuliza kama mtoto sasa anakimbia, na ukasema umemshonea kigauni chekundu. Mama, kigauni hicho mpe mtoto wa dada. Naserian amefariki. Nimeona nikuambie mapema, kwa sababu sikutaka usikilize ukurasa mzima huku ukitabasamu.

Mengi juu ya mtoto huyu sikukuandikia. Nilidhani nitayasema nikija nyumbani, tukiwa tumekaa jikoni. Sasa naona niyaandike.

Unajua mwanangu wa kwanza tulimzika hata hajamaliza mwezi. Ambacho hukijui ni hali niliyokuwa nayo baadaye. Filipo alitaka nianze kuwafundisha wanawake siku ya Jumapili, kama wewe ulivyofanya huko kwetu. Nani angekuja? Kwa Waarusha wa hapa nilikuwa mke wa mwalimu, mgeni kutoka Uchagani, basi. Nami nilijiuliza nitawafundisha nini juu ya kulea, mimi niliyerudi kutoka kaburini mikono mitupu. Maziwa yalikuwa yananiuma, nayakamua uani, nayafukia kwa udongo.

Ndipo siku moja mwanamke mzee akasimama mlangoni kwetu, amekumbatia kitu ndani ya ngozi ya mbuzi. Nilimwamkia kwa Kimaasai kidogo nilichokuwa nacho. Hakuzungusha maneno.

"Nimesikia hapa kuna mwanamke ana maziwa na hana mtoto," alisema. "Mimi nina mtoto, na hana maziwa."

Mama, maneno yale yalinichoma, nikataka kufunga mlango. Lakini kile kitoto kikalia, sauti nyembamba, ya kitu kilichochoka kulia, na kabla sijapata la kusema gauni langu lilikuwa limelowa kifuani. Mwili wangu ulimjibu mimi nikiwa bado nimekasirika.

Mke wa mwanawe alikuwa amefia uzazini. Walijaribu maziwa ya ng'ombe, mtoto akawa anayatapika. Nilimpokea, nikakaa naye kizingitini, na yule bibi akasimama akitutazama mpaka mtoto alipolala.

"Anaitwa Naserian," aliniambia. "Mnyonyeshe mpaka ajue kutembea na kula, kisha nitakuja kumchukua. Na yale maji yenu ya kichwani msimmwagie. Akikua akiyataka, atayafuata kwa miguu yake."

Nikamwambia, "Nimekubali, koko." Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita bibi.

Alikuja mara kwa mara na kibuyu cha maziwa, akanilazimisha ninywe mbele yake mpaka nimalize, ndipo amguse mjukuu wake. Jioni alikaa nasi wakati wa sala, mgongo ameuegemeza ukutani. Siku moja aliniuliza, "Ukifumba macho hivyo, unamwona nani?"

"Simwoni mtu. Nazungumza na Baba."

"Na yeye anakujibu?"

"Mara nyingi hanijibu, koko."

Alicheka. Nadhani siku ile ndipo alipoanza kuniamini.

Baada ya hapo wanawake wengine wakaanza kuja na watoto wao. Wakaniita Ngoto Naserian, yaani mama Naserian. Sikuwahubiria, mama, sijui kuhubiri. Nilimwogesha mtoto mbele yao, nikamnyonyesha mbele yao, nikaomba juu ya kichwa chake kama wewe ulivyotuombea sisi. Wakauliza, nikajibu nilichokijua. Ikafika Jumapili ambayo kibarazani hapakutosha. Filipo naye alibadilika. Mwanzoni hakutaka hata kumshika mtoto, akiogopa kuzoea; mwishowe akawa anamchukua shuleni, anamweka mezani wanafunzi wakisoma. Naserian alikuwa akisikia wimbo anasimama, anashika vidole vya Filipo, anatikisa kiuno. Mtoto wa macho makubwa, mpole kweli, lakini ukimnyang'anya kijiko utajuta.

Alipojua kutembea, Bwana Mchungaji alituita nyumbani kwake.

"Mtoto huyu Mungu amelipatia kanisa," alisema. "Baba yake ameshaoa mwingine, na anahamishia ng'ombe wake Oldonyo Sambu. Nitamwandikia bwana mkubwa wa Boma pale Arusha, na hakuna atakayewasumbua. Jumapili ijayo tutambatiza."

Filipo alimshukuru. Nilimwona machozi yakimlengalenga.

Nikasema, "Bwana Mchungaji, nilimwahidi bibi yake."

"Ahadi kwa mpagani juu ya roho ya mtoto haikufungi."

"Mimi ndiye niliyeitoa, bwana. Na wanawake wanaokuja Jumapili wote wanaijua. Tukimzuia kwa askari wa Wadachi, watasema tulimnyonyesha ili tumwibe."

"Na huko aendako nani atamfundisha kusali?"

Swali hilo linanifuata mpaka leo, mama. Nilisema tu, "Nikimdanganya bibi yake, mimi nitamfundishaje?"

Alimgeukia Filipo, akamwambia kwamba mke wake ana moyo mzuri lakini mambo makubwa hayaelewi. Barua ya Boma hakuiandika. Tulirudi nyumbani Filipo akiwa mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Tulipofika mlangoni akageuka akasema, "Umemtoa mwanangu." Basi. Tangu hapo tukawa tunazungumza habari za chumvi na kuni tu.

Koko alikuja kama alivyosema. Mtoto alinishika gauni, akalia, akakataa kwenda. Koko hakumvuta. Alisema, "Twende sote mpaka mtoni, atalala njiani." Tukaenda. Nilimbeba mimi, nikimwimbia, na kweli akalala. Pale mtoni nilimfungua polepole mgongoni kwangu, nikamfunga mgongoni kwa koko kwa shuka yangu ileile ili asishtuke harufu ikibadilika. Nikamwekea mkono kichwani, nikaomba. Koko akainama mpaka nilipomaliza. Wakavuka. Nilikaa pale kwenye majani mpaka nguo zangu zikalowa tena kifuani, kama siku ya kwanza.

Nilijipa moyo, mama. Nilisema mama si yule anayeng'ang'ania. Nilisema Mungu aliyenipa maziwa ya kumnyonyesha mtoto wa watu hatamwacha njiani. Niliyasema hayo kila siku.

Wiki iliyopita nilikuwa uani napukuchua mahindi, nikaona koko anapanda njia peke yake, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amevua mapambo yake yote. Nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Kifua," alisema. "Upepo wa kule ni mbaya. Tulimchinjia kondoo, tukamnywesha mafuta. Homa haikushuka. Alikuwa akiita."

"Alikuwa akimwita nani, koko?"

"Unajua alikuwa akimwita nani."

Mama, pale nyumbani kwa Bwana Mchungaji mkewe ana dawa ya kifua. Watoto wa hapa wameinywa wakapona. Jambo hilo halinitoki, nikila, nikiteka maji, nikisimama kuimba. Kama ningenyamaza siku ile tuliyoitwa, Naserian angekuwa hapa mezani anagombania kijiko. Filipo hajanitamkia hivyo. Lakini anajua, nami najua kwamba anajua.

Koko aliketi juu ya maganda ya mahindi, akasema kilichomleta.

"Baba yake amenikataza nisije. Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Tangu siku ile pale nyumbani hakuna anayemtaja, utadhani hakuwahi kuwako. Mimi nimezeeka, nimewanyamazia wengi, na mama yake pia. Huyu nimeshindwa. Ninyi nimewasikia jioni, mnawataja waliokufa mkifumba macho. Mtaje, nisikie."

Nilimshika mikono. Nikasema, "Baba, Naserian." Nikarudia, "Naserian." Koko alijifunika uso kwa ngozi yake, na kila nilipolitaja jina alitikisika mwili mzima. Sikumwomba Mungu chochote, mama, nililitaja jina tu. Filipo akatoka shuleni akatukuta hivyo. Alisimama kidogo, akaelewa, akaketi chini karibu yangu na chaki yake bado mkononi, akalitaja naye. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu yangu tangu siku ile.

Koko alikaa nasi siku zote hizo, ameondoka leo asubuhi. Hakuomba kubatizwa, wala sikumwuliza. Wanawake wa Jumapili bado wanakuja, lakini kwa desturi yao jina lile wameliacha. Wananiita tena mke wa mwalimu. Najua wananistahi, hawana ubaya. Hata hivyo kila wakiniita hivyo ni kama wananizikia tena mtoto.

Kwa kuwa mtoto hakubatizwa, Filipo alimwuliza Bwana Mchungaji mtoto wetu yuko wapi sasa. Alijibu kwamba tumwachie Mungu, akaenda kuwatazama mafundi wake wa paa. Labda hakuwa na la zaidi. Mimi jibu hilo halinitoshi, ndiyo maana nakuandikia wewe. Mama, wewe ulizika watoto kabla misheni haijafika Machame. Hawakumwagiwa maji, hakuna aliyewaombea. Kisha ukabatizwa, ukatulea sisi katika neno, na alfajiri ukipuliza moto nilikuwa nakusikia ukiwataja wao kwanza, ndipo utufikie sisi tulio hai. Sikuwahi kukuuliza. Siku ya ubatizo wako ulimwuliza mchungaji juu yao? Alikuambia nini? Na kama hakukuambia kitu, wewe mwenyewe umejiambia nini miaka yote hii, hata ukaweza kuamka na kuwasha moto?

Mwambie Stefano aliandike jibu kwa maneno yako yaleyale, asiyanyooshe.

Nisalimie baba, mwambie asitoke nje kabla jua halijapanda. Nisalimie dada na mumewe, na wasione vibaya juu ya kigauni, mtoto wao akivae kwa furaha. Nisalimie shangazi aliyenifunza kushona, na yule mama mzee jirani aliyekuja huku kukaa nami wakati wa kujifungua. Stefano, nawe nakusalimu, umtunze mama akimaliza kusikiliza. Filipo anawaamkia wote.

Mama, alfajiri ukiwataja watoto wako, mtaje na Naserian. Yeye ni mjukuu wako.

Ni mimi binti yako,
Marta