Kugawana Magoli ya Kemunto

Da Zuhura,

Shikamoo. Goti lasemaje baada ya zile sindano? Na Mama, siku hizi anakula bila kugombezwa? Mimi mzima. Baridi ya huku milimani Ikonge imenivika sweta mbili, na kitambi kimepata pa kujificha.

Najua bado unacheka kwamba mimi, niliyecheza Malindi miaka yote ile bila kufunga hata goli la kuotea, nafundisha wasichana wa shule mpira. Basi cheka vizuri. Mshambuliaji wetu, Kemunto, amehamia Nairobi na wazazi wake. Magoli yetu yote yalikuwa miguuni mwake. Mechi ya kwanza bila yeye, wenzake walipiga mpira kule alikozoea kusimama, ukamkosa, ukatoka nje. Nami kando ya uwanja napaza sauti, "Kemunto, panda!" Tukatoka sare. Ya pili tukafungwa.

Mwalimu mkuu akaniita. "Jumapili msipowapiga wale wa shule ya Masimba, viatu virudi stoo. Wasichana wacheze netiboli."

Nikawaambia wasichana magoli ya Kemunto tutagawana. Kwenye mashamba ya chai ya huku, kila mchumaji ana kikapu chake mgongoni. Kila mmoja ajaze chake. Mazoezini hatoki mtu kabla hajafunga, hata golikipa. Moraa, beki wetu, ndiye aliyebaki wa mwisho, kachoka hoi.

"Mwalimu, kazi yangu ni kuzuia!"

"Zuia, halafu ufunge."

Kuna jambo niliona haya kukuandikia. Wasichana hawa wakiumia huita, "Baba!" Nami hukimbia na chupa ya maji, moyo umenivimba, nikijua nimeshakuwa mzazi wao.

Jumapili ikafika; huku hatuchezi Jumamosi, maana nusu ya timu ni Wasabato, wako kanisani. Masimba wakatutangulia. Nyaboke, winga wetu, akasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache, tukapata penalti. Dada, hakuna aliyeusogelea mpira! Wote wanatazama nyasi. Refa anatazama saa. Mwalimu mkuu kasimama ubavuni kwangu, mikono nyuma.

Ndipo Moraa akapunga mkono upande wangu. "Baba! Baba!"

Nikajua anaomba ruhusa. "Ndiyo, Moraa! Piga wewe!"

Akabaki mdomo wazi. Wenzake wakamwekea mpira upesi, nisije nikabadili mawazo. Nyuma yangu mama mmoja akaangua kicheko.

"Mwalimu, ananiita mimi! Kwa Kikisii, baba ni mama. Kamba ya kiatu imemkatikia."

Tangu Januari, kumbe, nakimbilia watoto wa wenyewe!

Filimbi ikalia. Moraa akapiga na kiatu kisichofungwa. Mpira ukaenda kushoto, kiatu kikaruka kulia, na golikipa wa Masimba akakirukia kiatu. Refa akakuna kichwa, kisha akaonyesha kati ya uwanja: goli!

Moraa akaja mbio, mguu mmoja soksi tupu. Nikafungua mikono. Akanipita, akamrukia mamake.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mwalimu mkuu akakohoa. "Viatu vibaki. Hicho kimoja kitafuteni."

Msalimie shemeji, mwambie kiti changu barazani asikizoee. Nibusie Mama mikono. Mama mdogo, yule mshona mikeka, mwambie dua zake zimefika, ila zilipitia kwenye kiatu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye huku si baba wa mtu,

Athumani