Kamba ya Madame Kahindo

Dada yangu Kahindo,

Sijui barua hii itakukuta wapi, wala kama itakukuta. Naiandika wazi ili asome yeyote, huenda mtu mmoja wa Butembo au wa barabara ya Rutshuru akasema, "Huyu mama namjua." Na kama ni wewe mwenyewe unasoma, tafadhali usiitupe kabla ya kufika chini. Najua hukuwahi kupenda maandishi yangu. Ulikuwa unasema Kifaransa changu kinavaa kravati shingoni hata siku ya kufua.

Tulifundisha pamoja miaka mitatu pale Murara, vyumba viwili, katikati ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Upande wangu watoto arobaini waliimba vitenzi vya Kiingereza kama watu walioketi matanga. Upande wako walicheka. Leo soko, mtoto anauza nyanya za karatasi. Kesho hospitali, mwingine analia jino. Walibishana bei na maumivu kwa Kiingereza kile kile ambacho mimi nilikifundisha kama adhabu.

Siku moja nilikuja mlangoni kwako kulalamika.

"Madame, batoto bako wanasumbua wangu."

Ulikuwa na chaki nyuma ya sikio. "Papa Gramere, ingia basi. Tutakupa kazi ya mugonjwa. Sura njo unayo."

Darasa zima likaanguka kicheko. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Kisha nikarudi kwangu, nikafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Mchezo waliopenda kuliko yote ulikuwa barieri. Nani hapa kwetu hajui barieri? Hata mtoto wa chekechea anajua kamba ikivutwa barabarani mtu anasimama, anaulizwa anatoka wapi, amebeba nini. Wewe ulichukua kamba ya mbuzi ukaifunga kwenye mlango wa darasa. Mmoja anaishika, wengine wanapanga mstari na vifurushi vyao kichwani. Unaitwa nani? Unakwenda wapi? Mu mfuko kuna nini? Maswali kwa Kiingereza, majibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nawachungulia kwenye ufa wa mbao, mtu mzima na mvi zangu, nikijiambia kwamba nakagua nidhamu.

Ndipo akaja mkaguzi. Hakuna aliyetuambia kwamba anakuja. Alitembea moja kwa moja hadi mlangoni kwako, na kamba ikavutwa mbele ya tumbo lake. Mtoto wa miaka minane akamuuliza kwa Kiingereza kizuri anakwenda wapi na ndani ya mkoba wake kuna nini. Yule bwana Kiingereza hakijui. Alisimama pale, jasho linamtoka, na watoto wakingoja kwa adabu kabisa. Wewe ulikuja mbio, ukaomba msamaha, lakini mdomo wako ulikuwa unapigana na kicheko, na yeye alikiona.

Direkta wa shule alitafuta mtu wa kuandika ripoti. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya ile kravati ya Kifaransa changu. Niliandika kurasa mbili. Kwamba Madame Kahindo anafundisha watoto kuchezea mateso ya nchi. Kwamba amedhihaki mamlaka. Kwamba kelele zake zimeharibu masomo ya jirani. Nikatia sahihi yangu chini, ile ndefu yenye mkia.

Kitu ambacho sikuandika ni hiki: wiki ile watoto wawili walikuwa wameomba kuhama kutoka kwangu kwenda kwako. Mmoja wao alikuwa binti yangu wa kuzaa. Alikuja kuniambia mezani, tunakula sombe, yale majani ya muhogo. "Papa, kwa Madame tunaongeaka. Kwako tunaandikaka tu." Mama yake akaangalia sahani. Mimi nikasema chumvi imezidi.

Siku uliyofukuzwa ukachukua vitu vyako, ulipita kwangu. Nilidhani utanitukana, nilikuwa hata nimeandaa jibu. Ulisema tu, "Ulicheka na sisi, papa." Ukaenda zako Rutshuru kwa mama yako.

Nilisikia unafundisha huko. Halafu vita vikashuka, barabara ikajaa watu na magodoro, na mtu akaniambia uko kambini Kanyaruchinya, ndani ya hema, na watoto wanakuzunguka. Kanyaruchinya, dada. Kwa moto, pikipiki ya abiria, nisingemaliza hata karanga za faranga mia mbili kabla ya kufika. Sikuja. Jumapili ya kwanza mvua, ya pili mgonjwa, ya tatu nilichoka kutafuta sababu nikabaki tu nyumbani.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe, maana hayo ya nyuma yalikuwa mateke ya kuamsha miguu.

Mwaka uliofuata walikuja wageni kutupa mafunzo sisi walimu wa Kiingereza wa mjini. Kila mmoja alitakiwa kuonyesha namna anavyowafurahisha wanafunzi. Kuwafurahisha! Mimi! Nilisimama mbele na kitabu changu cha sarufi kwapani, watu hamsini wananitazama. Nikaomba kamba. Walimu wazima walipanga mstari, walicheka hadi machozi, wakapiga makofi wamesimama. Mgeni mmoja akaniuliza niliupata wapi mchezo ule. Nilisema, "Uzoefu." Nilipewa cheti. Direkta amekitundika ofisini kwake, juu kidogo ya kalenda, na wazazi wanaletwa kukiona. Kila Jumamosi mchana sasa nina kilabu cha Kiingereza, na nikipita sokoni watoto wananiita Papa Barieri. Nilikuwa naitika.

Mwaka huu aliingia kilabuni msichana mmoja, Furaha, wa miaka kumi na miwili hivi. Nilieleza sheria kama kawaida: asiyejua jibu anarudi nyuma ya mstari. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, haiko vile."

"Haiko vile namna gani?"

"Kwa Madame hakuna mutu anarudishwa. Ukikwama, mstari wote inakunong'oneza jibu, unasema, unapita. Alituambiaka barieri za kurudisha watu ziko za kutosha inje."

Niliuliza Madame gani, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

"Madame Kahindo, Kanyaruchinya. Hii mchezo njo yake."

Wenzake walinigeukia. Na mimi, Kahindo, mbele ya watoto thelathini, nikasema, "Eeh, ni mchezo unaojulikana na walimu wengi." Nilikuibia mara ya pili, na safari hii uso kwa uso na shahidi.

Ona pia nilichokuwa nimeufanyia mchezo wako. Miaka yote ile ya kuchungulia kwenye ufa, na sikuwahi kusikia wale watoto wakinong'onezana. Niliiba kamba nikaacha mchezo.

Baada ya somo nilimfuata Furaha nikamuuliza ulikoelekea. Alisema siku ya kubomoa kambi watu walipanda malori mbalimbali. Lao liligeukia mjini, lako hakuliona. "Alikuwa anakohoa," akasema.

Jumatatu nilikwenda kwa direkta. Nilimwambia nataka kuandika nyingine ya kufuta ile ripoti, na cheti kishushwe. Alinitazama kama mtu aliyeletewa kuku bila miguu.

"Papa, huyo mama hayuko hapa. Unafuta kwa ajili ya nani? Na hicho cheti, wazazi wamekizoea. Kaa kimya, kunywa chai."

Nilikunywa chai. Mimi ni mtu wa kunywa chai.

Lakini Jumamosi nilisimama mbele ya kilabu nikawaambia yote: mchezo ni wa nani, ripoti iliandikwa na nani. Hakuna aliyecheka. Furaha akauliza, kwa Kiingereza safi ulichomfundisha kwenye udongo wa lava, kwa nini nilifanya vile. Miaka ishirini na mbili nafundisha lugha hii, na nilitafuta neno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mwishowe nikalitamka: wivu. Aliitikia kwa kichwa, si kwa huruma, kwa kuthibitisha tu kwamba nimejibu.

"Basi umuandikie," akasema.

"Hatujui aliko."

"Andika tu, mwalimu. Na uandike mu Swahili, asikuchoke."

Ndiyo hii. Kama unakohoa bado, kunywa kitu cha moto. Kama umefungua darasa mahali, tuma neno, nitakuletea Furaha, na mimi nitakaa nje. Kama hupo tena duniani, basi wamesoma wengine, na wajue. Sikuombi msamaha, sijui ningeuweka wapi. Nataka tu liandikwe na mkono ule ule: katika ripoti yangu hapakuwa na neno la kweli, isipokuwa jina lako na tarehe.

Mwalimu mwenzako wa nyuma ya mbao.