Mapipa Matupu ya Al Amerat

Jumamosi, 3 Oktoba 1998

Gari la maji halikuja tena. Wiki ya pili hii. Nimefua kanga moja tu, maji yake nikapigia deki. Asha wa jirani kaja na ndoo, kaondoka na nusu.

Nyumba kumi na moja, kila uani mapipa matupu. Mimi na marehemu mume wangu ndio tuliotangulia kujenga huku. Palikuwa na mawe na mbuzi tu. Ndiyo maana mtaa ulipotakiwa kutoa msemaji nikachaguliwa mimi. Msemaji gani asiyeweza kutoka uani? Ofisi ya manispaa iko Qurum, upande wa Maskati mjini, ng'ambo ya milima. Gari la marehemu lipo, lakini analiendesha Kaka Salum, aliyehamia kwangu baada ya msiba, na ufunguo haumtoki mfukoni. Mimi leseni sina. Mtihani nimeanguka mara mbili, pale pale, kwenye kulirudisha gari nyuma baina ya mapipa wanayoyapanga.

Jumapili, 4 Oktoba

Kesho ofisini wanawasikiliza wasemaji wa mitaa. Kaka kaahidi kunipeleka. Karatasi nshaiandika, kaisoma na yeye. Maji, hakuna jengine. Buibui nshalipiga pasi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Kaniacha! Saa moja nimetoka, gari halipo. Nimekaa barazani na buibui langu mpaka adhuhuri. Nimelia kwa hasira.

Alasiri karudi anacheka. Ati kanisemea yeye, nisisumbuke. Tena hakuomba maji. Kaomba ukumbi wa wanaume. Ukumbi! Wakitaka kutia udhu humo watatumia nini, mate?

Jumanne, 6 Oktoba

Asha kanipita bila salamu. Anadhani ukumbi nimeuomba mimi. Naona haya kumsema kaka'angu kwa watu. Nyumba niliyobebea mawe yake leo imenigeukia jela.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia Asha yote. Kanitazama, kisha kacheka mpaka kakaa chini.

"Mwenzangu, wewe si unaangushwa na mapipa? Mapipa si tunayo!"

Kaka kalala baada ya chakula cha mchana. Ufunguo nimeutoa mfukoni mwa dishidasha, kanzu yake, iliyotundikwa ukutani. Wanawake wakayabingirisha mapipa yao mpaka uwanja wa nyuma, wakayapanga. La kwanza nimeligonga. La pili nimeligonga. Kelele zake, toba! Kaka katoka na shuka kiunoni.

"Nani kakupa ufunguo?"

"Gari la mume wangu, Kaka."

Wanawake tisa wanamtazama. Karudi ndani.

Sikuacha mpaka magharibi. Mara nne za mwisho sikugusa kitu. Ufunguo sikumrudishia.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mtihani nimepita! Leseni ninayo.

Jumanne, 13 Oktoba

Mlima nimeupanda kwa gia ya kwanza, malori yananipigia honi nyuma. Wapige. Jasho hilo!

Ofisini kijana wa mapokezi kanitazama, katazama mlangoni nyuma yangu.

"Nani kakuleta, mama?"

"Nimejileta."

Mkuu wake kasema mtaa wetu ushaomba ukumbi, maombi mapya mpaka mwakani. Nikakaa. Nikamwambia sitoki, na nikitoka leo kesho ntarudi, sasa nna gari. Kaagiza chai. Nikanywa, nikabaki nimekaa. Mwisho kachukua kalamu. Ukumbi kaukata, kaandika gari la maji mara mbili kwa wiki mpaka mabomba yafike. Ntaamini nkiliona.

Nyumbani nimempita Kaka barazani, ufunguo mkononi. Bado nna hasira naye.

Jumatano, 21 Oktoba

Gari la maji limekuja. La pili wiki hii.

Asubuhi Kaka kaniomba ufunguo. Kaomba. Nimempa, nikamwambia saa nane gari liwe hapa. Limekuwa hapa.

Alasiri nimetaka kujikumbusha kurudi nyuma. Nimekwenda kwa Asha kuchukua pipa lake. Nimelisukuma kwa bega, halikusogea. Limejaa.